Picha ya Sikio la Mama

Jumanne, Mbinga

Na yule mtu wa mashine ya picha hospitalini angeweza kusema kwa upole. Mama aliambiwa anakwenda kupigwa picha ya kichwa, kwa hiyo alitoka nyumbani kwetu Liuli na kitenge cha kanisani, kilemba kipya na hereni. Leo huko Songea akavuliwa kilemba na hereni huku akikemewa, wala hakusikia anakemewa kwa lipi. Nilikasirika sana.

Lakini picha ya CT imetoka vizuri. Daktari alinionyesha pahali penyewe: kifupa kidogo ndani ya sikio, kile kinachotikisika ili sauti ipite, kimeganda. Kwingine kote ni salama. Upasuaji unaweza kumsaidia, alisema, na kwa sasa atapewa kifaa cha kusikia. Mimi naogopa upasuaji. Mama haogopi.

Mwaka mzima mke wangu ananiambia mama hamtaki, maana kila asubuhi anampa shikamoo na hapati marahaba. Mke wangu huamkia kwa sauti ya chini, macho chini, kama alivyofunzwa kwao. Nami nilikuwa nimeanza kumwamini.

Tulipofika hapa Mbinga kulala njiani, nikainama sikioni kwa mama, nikamweleza kwa sauti kubwa habari ya kile kifupa. Akarudisha hereni zake masikioni.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani mkeo ameacha kuniamkia."