Sheria ya Kumwondoa Tae-yul

Mshauri mpendwa Kaarina,

Nakuomba unisaidie kwa sababu Jumamosi ijayo natakiwa kupiga kura, na nikipiga upande wowote nitakuwa mwongo, na hapa Kokkola sina mtu wa kumwambia, mji wenyewe unaujua, ukipiga chafya sokoni hujafika nyumbani umeshaulizwa mafua yanaendeleaje.

Jina langu Eemeli, nina miaka ishirini na sita, na kazi yangu ni kucheza michezo ya kompyuta, usicheke, mama yangu alicheka miaka minne halafu akaacha siku alipokuja kututazama akakuta ukumbi umejaa. Timu yetu ina wachezaji watano, tunapambana na watano wa mji mwingine, kila upande unalinda ngome yake na kuivamia ya wenzake, na kati ya hao watano kuna mmoja anayeshika njia ya kati, ambaye mambo yote hupitia kwake, kama kiungo kwenye mpira wa miguu. Kiti hicho kilikuwa changu misimu mitano. Tunacheza Ligi ya Kaskazini, vilabu kumi na viwili kutoka nchi zetu tano za kaskazini mwa Ulaya, na miaka miwili iliyopita tulimaliza wa kumi na moja, tukaponea chupuchupu kushuka daraja, basi kocha wetu Marjut akaniita, akanimiminia kahawa, akasema, "Eemeli, nimepata mtu wa kati. Anatoka Korea. Sitaki ulisikie hili kwa mwingine."

Nikamuuliza, "Na mimi?"

"Wewe utakuwa akiba, na utanisaidia kuwasoma wapinzani. Jicho lako ni zuri kuliko mkono wako. Siku nyingi nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Nilisema sawa, nikanywa kahawa yote, nikaaga vizuri.

Mtu huyo ni Baek Tae-yul, alifika Januari akiwa na miaka ishirini na viatu vya raba kwenye theluji ya magotini. Kwao hakuwa mtu mkubwa, alikuwa akiba katika timu ya daraja la pili, lakini kwetu alikuwa papa katika bwawa la perege. Klabu ilikuwa inamtafutia pa kukaa, na mimi nina chumba kitupu katika nyumba niliyoachiwa na bibi, nikasema aje kwangu, watu wakanisifu kwa moyo mpana, na mimi mwenyewe nikajisifu. Kwao mtu aliyekuzidi umri humwiti jina tupu, kwa hiyo tangu wiki ya kwanza akaniita kaka. Nilimfundisha kuwasha sauna, kuendesha baiskeli juu ya barafu, na kula mkate mweusi bila kukunja uso, na yeye akanifundisha kucheza, kwa maana kila asubuhi kabla ya mazoezi alikaa nami saa mbili nzima tukitazama mechi zangu za zamani, anasimamisha picha na kusema polepole kwa Kifini chake cha kuokoteza, "Hapa, kaka, uliogopa. Hapa pia uliogopa. Hapa hukuogopa, lakini ulikuwa umechelewa." Hakuna aliyewahi kunisaidia namna hiyo, na hakuna aliyewahi kunidhalilisha namna hiyo, na yote mawili aliyafanya kwa nia njema.

Msimu ule tulimaliza wa tatu. Wenzetu wakaona, klabu moja ya Uswidi ikaleta Wakorea watatu, nyingine ya Norwei ikaleta Waturuki wawili, na leo katika wachezaji sitini wanaoanza mechi, ishirini na watatu wametoka nje ya nchi zetu. Hapa kwetu kuna Venla, msichana wa Kokkola hii hii, ana miaka kumi na tisa, anaijua njia ya kati kuliko nilivyowahi kuijua mimi, na hajacheza mechi hata moja tangu asajiliwe. Nilimuuliza siku moja, vipi, akanijibu, "Vipi nini? Nimekaa benchi mpaka fundi wa taa ananiita mfanyakazi mwenzake." Akacheka kidogo, halafu akageukia kibodi yake akaanza kuisafisha ingawa ilikuwa safi.

Chama cha wachezaji kilipoomba mapendekezo juu ya sheria za ligi, niliandika. Kurasa tano. Niliandika kwamba ligi za kikanda ziliwekwa ili vijana wa kanda wapate pa kukulia, kwamba ukimpa kila kiti mgeni aliyekwisha kuiva, mwenyeji ataiva lini, na nikataka wachezaji wote wa nje wazuiwe. Hoja za vijana bado naziamini, Kaarina, nikizisoma leo siuoni uongo wake. Lakini nilipofika mwisho niliongeza kifungu cha saba, kwamba sheria ianze Januari na iwashike hata wale ambao mikataba yao haijaisha, na kifungu hicho hakikutoka kwenye takwimu yoyote, kilitoka ukutani, upande wa pili wa ukuta Tae-yul alikuwa anazungumza na mama yake kwa simu, anacheka. Sikutia jina. Niliandika "kundi la wachezaji". Kundi lenyewe ni mimi.

Ujue kwamba Tae-yul bila mkataba hana kibali cha kuishi hapa, na akirudi kwao bila kazi jeshi la lazima kwa vijana linamngoja, atatoka baada ya mwaka na nusu vidole vimesahau, na katika kazi yetu mwaka na nusu ni uzee.

Pendekezo likasambazwa kwa vilabu vyote. Alhamisi iliyopita tulikuwa tunakula uji, akaweka simu mezani, ameshalitafsiri kwa mashine.

"Kaka, hii umeiona?"

"Nimeiona."

"Aliyeandika ana akili. Kifungu cha saba tu ndicho kinanishinda. Kwa nini Januari? Kwa nini asingoje mikataba iishe?"

Nikasema sijui. Nilikuwa natazama kijiko.

"Wachezaji wa kigeni wameniomba niandike majibu," akasema. "Kifini changu ni cha kununulia maziwa. Wewe unajua kuandika. Nisaidie."

Nami nikamsaidia, Kaarina. Siku mbili tulikaa kwenye meza ile, nikatafuta sababu za kuupinga kila ukurasa wangu mwenyewe, na nikazipata, na zilikuwa nzuri, kwamba mwenyeji hukua kwa kupigwa na aliyemzidi, kwamba mimi binafsi nimejifunza zaidi katika miaka miwili ya akiba kuliko mitano ya kiti, na hayo nayo nayaamini. Tulipomaliza akainamisha kichwa kama wanavyofanya kwao, akasema, "Tangu nije, hakuna aliyenifanyia jambo kama hili." Nikatoka nje kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Sasa barua mbili zinazunguka vilabu kumi na viwili, zinapingana, na zote ni zangu. Mwakilishi wa wachezaji wa klabu yetu ni mimi, kwa hiyo kura ni yangu. Marjut anadhani nitakataa kwa sababu naishi na Tae-yul, Venla anadhani nitakubali kwa sababu najua anavyoumia, na mimi nafikiria kuugua Jumamosi. Niambie, wachezaji wa nje wenye nguvu wazuiwe au wasizuiwe? Utakalosema nitalifuata.

Eemeli


Eemeli,

Umeniuliza habari za ligi ili nisikuulize habari za kifungu cha saba. Nitajibu yote mawili, nianze na lililo jepesi.

Michezo yenu siijui, lakini nimeimba kwaya ya kanisa miaka thelathini. Mwaka mmoja alijiunga nasi mwanamke kutoka Estonia, Maive. Akifungua kinywa, sisi wengine tulisikika kama bawaba zisizotiwa mafuta. Mwaka wa kwanza tulishinda mashindano ya mkoa. Mwaka wa pili wenzetu watatu waliozoea kuimba peke yao mbele ya watu waliacha kuja, mmoja wao dada yangu wa damu, na mpaka Pasaka hakusema nami. Kuna waliotaka Maive aondoke, kuna waliotaka aimbe kila kitu. Kiongozi wetu akaamua: Maive anabaki, lakini nusu ya nyimbo za mtu mmoja ni za watu wa hapa, na wakikosea tutavumilia. Hakuna aliyefurahi sana. Kwaya ipo mpaka leo.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huo. Ligi ya kikanda ina haki ya kutenga viti kwa ajili ya watu wa kanda. Wawili katika watano, watatu katika watano, hiyo hesabu mnaiweza wenyewe. Asiyepewa mwiko hajifunzi kupika, na Venla ameomba mwiko, hajaomba jiko zima. Lakini kumzuia kila aliyewazidi ni woga, na mashindano ya waoga hata mama yako hatakuja kuyatazama. Na mtu mliyemwita wenyewe, akavuka nusu ya dunia kwa mkataba wenye sahihi zenu, hanyang'anywi sahani katikati ya chakula.

Sasa lako.

Sikulaumu kwa wivu. Ulipoteza kiti, kisha ukampa aliyekikalia chumba, kitanda na funguo, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuuliza kama unaumia. Ungemwambia Marjut siku ile ile, "Hili linaniuma," huenda tusingekuwa hapa. Ulimeza, na jambo lililomezwa zima halikai tumboni. Hilo nakuhurumia.

Kinachoniudhi ni kingine. Ulichukua jambo la haki, la Venla na wenzake, ukalifanya ala ya kufichia kisu chako. Ukweli ukitoka, na mji huu umeueleza mwenyewe, watu watasema sheria yote ilikuwa kinyongo cha mtu mmoja, na Venla atarudi kukaa na fundi wa taa. Tae-yul umemdanganya, Venla umemharibia kesi yake, kisha unaniambia mimi nichague halafu wewe ufuate, kana kwamba huna miguu.

Kuugua Jumamosi usithubutu. Leo, kabla hamjala, mwambie Tae-yul, kwenye meza mliyoandikia. Maneno machache: niliandika mimi, na kifungu cha saba nilikiweka kwa ajili yako. Usilie. Usimweleze jinsi ulivyoumia. Zamu hiyo si yako. Usimwombe msamaha wa papo hapo, maana mtu anayelala nyumbani kwako hana uhuru wa kukukatalia. Akitaka kuhama, mbebee mizigo. Kesho mwambie Marjut. Halafu waandikie chama kwa jina lako kamili, ukifute kifungu cha saba, na mahali uliposema wote wazuiwe uweke viti vilivyotengwa. Kura mwachie Venla. Yeye naye ana lake, lakini lake liko mezani kila mtu analiona.

Na ukishafanya hayo, nenda mazoezini kama kawaida. Hapo ndipo patakapokuwa pagumu.

Kaarina


Kwa wasomaji: jibu hilo nilimtumia Eemeli moja kwa moja siku niliyoandika, kwa kuwa kura haikungoja gazeti. Wiki tatu zimepita. Ameniruhusu kuchapisha yote kwa jina lake, na amenieleza yaliyofuata.

Tae-yul alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza jambo moja tu: "Zile siku mbili ulizonisaidia kuandika, ulikuwa unanicheka?"

"Hapana," Eemeli akamjibu. "Siku hizo sikukucheka hata kidogo."

"Basi sikuelewi," akasema Tae-yul, akainuka, akaosha vyombo vyote, vyake na vya Eemeli. Kesho yake akahamia kwa Marjut. Eemeli akambebea mizigo mpaka kwenye gari. Marjut alimkemea kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi, lakini hakumfukuza.

Eemeli akakiandikia chama kwa jina lake, na kikaoni Venla, aliyeachiwa kura, alisimama na kusema kwamba anataka kiti, na anataka pia mtu wa kumshinda akishakipata, na haoni kwa nini achague. Sheria ikapita kwa kura saba dhidi ya tano: kila timu ianze na wachezaji wasiopungua wawili wa kanda, na mikataba iliyopo isiguswe. Jumapili iliyopita Venla alicheza mechi yake ya kwanza, Marjut akiwa amemsogeza Tae-yul njia ya pembeni. Walishindwa vibaya. Asubuhi yake Venla alikuwa kwenye kiti kile kile, na Tae-yul pembeni yake akisimamisha picha.

Eemeli ameniandikia swali jingine, fupi. Anasema Jumatano Tae-yul alimfuata ukumbini, akamuuliza kuhusu timu ya Uswidi watakayokutana nayo, wakazungumza dakika arobaini, juu ya timu hiyo tu, kisha kila mmoja akaenda zake. Anataka kujua kama hiyo ina maana amesamehewa.

Haina maana hiyo, Eemeli. Ina maana mna mechi na Waswidi. Wasome vizuri, umpelekee ulichokiona, na hilo jingine usimuulize.