Kabureta Zako Mbili Nimezing'oa

Baba Zuhura,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Arobaini imepita, mwaka umezunguka, na kila nikishika kalamu ama Zuhura analia ama mimi mwenyewe nasinzia. Leo nimeamka na hasira, ndiyo maana nimeweza.

Nimezing'oa. Kabureta zako mbili, zile ulizozisugua mpaka ukawa unajitazama ndevu ndani yake. Najua huko uliko umeshika kichwa. Kishike, lakini nisikilize.

Tangu uondoke, gari lako ndilo miguu yangu. Hii kazi ya kea, ya kuzunguka nyumba za wazee kuwahudumia, bila gari hawakupi. Cheti cha ukaguzi kilipokaribia kwisha nikamuuliza mdogo wako Hamisi. Hamisi huyohuyo aliyebadilisha tairi moja akalalamikia mgongo wiki nzima. Akaja na wenzake, wakafungua boneti, wakasimama kama wanatazama mpira. "Shem, usiwe na wasiwasi. Gari la zamani halipimwi moshi." Wakamaliza chai, wakala maandazi ya mtoto, wakaondoka.

Likapimwa. Yanayosamehewa kipimo ni yale ya kabla ya katikati ya miaka ya sabini. Lako ni la sabini na nane. Mkaguzi akachomeka mrija wa mashine kwenye ekzosi, akasoma, akaigonga mashine akidhani imeharibika. Moshi wako ulikuwa zaidi ya mara mbili ya unaoruhusiwa. Akaniita mpenzi, kama wanavyomwita kila mtu huku ugenini, akasema injini hii inatapika petroli. Niliona haya kana kwamba nimetapika mimi.

Bosi akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Bila cheti siruhusiwi barabarani, na nisipokuwa barabarani wazee wangu anapewa mwingine.

Nikarudi kwa mabingwa wetu, Hamisi na wenzake. Sasa wakawa na akili mpya: tutafute kabureta ya kawaida, isiyomwaga petroli nyingi, tuifunge siku ya ukaguzi, cheti kikitoka tuifungue, turudishe zako. Nikauliza kwa nini hiyo ya kawaida isibaki palepale. Hamisi akaguna. "Shem, hiyo injini ni kumbukumbu ya marehemu. Haiguswi."

Kumbukumbu! Nguo zako waligawana chai ya matanga haijapoa. Koti lako la ngozi analo yeye, na siku ile sikusikia mtu akisema haliguswi. Kumbe kilicho kitakatifu ni hiki kinachonuka chini ya dirisha la mwanao. Kila asubuhi nikiliwasha, Zuhura anakohoa. Wao hawalali hapa. Wao wanakuja Jumamosi, wanasikiliza mngurumo, wanatikisa vichwa, wanakwenda kwao.

Na wewe pia. Usidhani nitakuonea aibu kwa kuwa umekufa. Gari la kumpeleka mtoto kliniki ukalitia kabureta za mashindano. Ushindane na nani, mume wangu, Tottenham hii? Na mabasi ya abiria? "Sikiliza linavyonguruma, Mama Zuhura," unaniambia, na tumesimama kwenye foleni, bibi mwenye kigari cha sokoni anatupita kwa miguu. Nilikucheka mpaka ukanuna. Lakini nilikupenda hivyohivyo unavyonuka petroli, na nilikuwa nakupa spana kabla hujaitaja.

Ile kabureta ya asili uliniambia niitupe. Sikuitupa. Niliifunga kwenye kanga kuukuu pamoja na bomba lake, nikaisukuma chini ya kitanda cha Zuhura, kwa sababu nilikuwa nakujua.

Jumamosi mabingwa walipokuja niliwaambia chai imekwisha. Nikazing'oa zako, na ile ya asili nikaifunga mwenyewe. Zuhura alikaa pembeni kwenye kigari chake, akaniuliza, kwa Kiingereza chake hicho, kama baba atakasirika. Nikamwambia baba atanuna kidogo, halafu atakuja kuangalia kama mama amekaza vizuri. Nikainama tena kwenye injini ili asinione uso.

Mkaguzi safari hii hakuigonga mashine. Nilipata cheti.

Hamisi alipoliona gari limetulia akasema, "Shem, umeliua gari." Nikamwambia gari linapumua, aliyekufa ni kaka yako, na koti lake ulirudishe. Hajalirudisha. Siku hizi akiniona anavuka barabara.

Zako sijaziuza. Nimezipaka mafuta zisishike kutu, zimo ndani ya boksi. Nakuahidi Zuhura akikua nitamfundisha kulifungua na kulifunga gari hili, skrubu kwa skrubu, na hakuna mwanamume mwenye kikombe mkononi atakayemwambia anachogusa na asichogusa.

Pumzika, mume wangu. Mungu akupe nafasi pana, na pa kuegesha.

Kama kuna njia ya kutuma kitu kutoka huko, bado nahitaji: ufunguo wa buti la gari, hukusema uliuweka wapi, skrubu mbili fupi za kifuniko cha chujio la hewa, maana nimekifunga kwa waya, na asubuhi moja ya Jumapili, moja tu, nifumbue macho nikute umeshaamka, mtoto yuko nawe jikoni, unaniambia nilale tena.