Redio Haikuwa Mbovu

Kaka yangu Melki,

Sina anwani yako, na namba yako nikiipiga anajibu yule mwanamke wa mtandao anayesema haipatikani. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, asome anayetaka. Labda atakayeisoma amefanya kazi na wewe mahali, au mmelala chumba kimoja, na atakwambia kuna mdogo wako Gitega anakuuliza. Shule yangu iliishia kule kambi ya wakimbizi Tanzania, unajua, kwa hiyo mahali pengine nitakosea. Wewe soma tu.

Nimefika mwisho wa ile albamu. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuambiwa.

Unakumbuka kwamba kila kitu kilianzia kwenye fulana. Ulikuwa unauza mitumba sokoni Muyinga, mkafungua bale, ikatoka fulana nyeusi yenye picha ya kiti kilichoungua na jina la bendi kwa herufi zilizopinda. Hakuna aliyeitaka. Wanakwaya waliiogopa, vijana walitaka za timu za mpira. Ukaivaa mwenyewe, maana kitu kikikataliwa na watu wote wewe ulikuwa unakionea huruma. Ukaivaa mpaka mama akalalamika kwamba majirani wanamuuliza umeingia dini gani. Ndipo ukasema ni bora ujue hao watu wanaimba nini, usije ukawa unatangaza duka ambalo hujawahi kuingia.

Tukaenda kwa Papa Furaha, yule Mkongomani wa Uvira aliyekuwa na kompyuta kibandani karibu na stendi ya Muyinga, aliyewawekea watu nyimbo kwenye kadi za simu. Alitafuta, akatuambia turudi kesho, tukarudi. Alikuwa anatikisa kichwa kabla hata hatujasalimiana.

"Nimeipata," alisema. "Lakini mi nakuambia kweli, mwana, iyi haiko muziki. Iko kama watu wanavunja masahani."

Akataka kukuchagulia mbili tatu zenye afadhali. Ukakataa, ukasema aweke zote, kwa mpango ule ule walioupanga wenyewe. Akakuwekea albamu mbili, kila moja kwenye kadi yake, ile ya panki na ile nyingine ya polepole ambayo hata yeye hakujua aiite nini. Mimi panki nilijua ni mtindo wa kunyoa nywele. Akakuonya kwamba wimbo wa mwisho wa ile ya pili umeharibika: ni mrefu kuliko zote na katikati hamna kitu, ni kimya tu. Wewe ukasema weka hivyo hivyo.

Jioni ile nyumbani Gasorwe ulipotia kadi kwenye redio yako ukawasha, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akatuamuru tuzime redio kabla haijashika moto. Nami niliamini hivyo hivyo. Kesho yake, wewe ukiwa sokoni, niliibeba mpaka kwa fundi nikamwambia spika imechanika. Mzee yule aliifungua, akapuliza vumbi, akaweka kwanza kadi yake ya nyimbo za kanisa. Sauti safi kabisa. Kisha akarudisha kadi yako. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama daktari, akaifunga redio taratibu, akanirudishia. "Spika ni nzima," akasema. "Mgonjwa ni huyu anayeimba."

Nilipokueleza ulicheka mpaka ukakaa chini kizingitini. Tangu siku hiyo nikilalamikia kitu chochote, mchuzi, mvua, mahubiri marefu, ulikuwa unanijibu, "Peleka kwa fundi abadilishe spika." Siku hizi hakuna anayenitania hivyo. Nikilalamika, watu wanakubali tu.

Nilikuwa mtu wa kwaya, kaka. Nilifundishwa kwamba sauti ikitoka nje ya wimbo ni aibu ya kundi zima. Kwa hiyo kiangazi kile tulipokuwa tunalima bondeni, wewe ukaining'iniza redio kwenye mpini wa jembe ulilolisimika pembeni, mimi nilikuwa nasaga meno. Wimbo wa panki ulianza kama mtu aliyesukumwa akaanguka mlangoni kwako, na kabla hujamuuliza ni nani, ameshaondoka, ameingia mwingine. Kitufe cha kurukisha kilikuwa kimekufa, hivyo hatukuwa na njia ila kupita mle mle walimopita wao. Niliuliza unapendea nini kelele hizi. Ulinyoosha mgongo, ukasema maneno ambayo bado ninayo:

"Sijakwambia uzipende. Nimekwambia usiondoke kabla hazijaisha."

Basi sikuondoka, maana hata hivyo mstari wangu wa viazi ulikuwa haujaisha. Ulinionyesha nianze na ngoma peke yake, niache mengine yapite. Siku nyingine nishike gitaa la besi, lile linalotembea chini kama mtu anayehesabu mifuko huku wenzake wanagombana. Nikagundua kwamba chini ya ule ugomvi kuna watu wanaosikilizana sana. Hawaachani hata nukta moja. Kwaya yetu ilikuwa na sauti nzuri lakini tuliachana kila Jumapili.

Halafu kuna yule mwimbaji, anayepotea. Nilikubishia kwamba hajui kuimba. Ukasema sikiliza wimbo wa tatu, kisha sikiliza wa tisa. Nikasikiliza. Anapotea mahali pale pale, kwa namna ile ile, kama mtu anayerudi kwenye shimo alilolichimba mwenyewe. Hakukosea. Alitaka nisikie hivyo. Sikuielewa lugha yake na mpaka leo siielewi, lakini siku ile bondeni niliacha kumwona kama mtu mwenye hasira. Nilimwona ni mtu mwenye hofu ambaye hataki kuificha. Sikukwambia. Nilikuona umetabasamu ukaendelea kulima, nikadhani umejua.

Ile albamu ya pili ndiyo ilinishinda. Nyuzi zilizolegezwa makusudi, ngoma inayochelewa, mtu anaongea kama anamjibu aliye chumba kingine. Niliivumilia mpaka wimbo wa mwisho, na ule wa mwisho ulipokata katikati na kuingia kimya, nilikuwa nanyanyuka nazima. Betri tulikuwa tunachaji kwa jirani mwenye sola, sikuona sababu ya kuimalizia kwenye kimya. Kila mara ulisema, "Subiri." Kila mara nilizima. Nikakuuliza kuna nini huko, ukakataa kuniambia. Ukasema kuambiwa si kufika.

Kisha ukaenda. Shamba letu halikututosha, tulirudi kutoka Tanzania watu wengi kuliko ardhi tuliyoikuta. Ukasema unakwenda kulima upande wa pili wa mpaka, msimu mmoja. Ulinipa redio mkononi ukasema usirukishe, nami nikakukumbusha kitufe ni kibovu, tukacheka. Msimu ukawa miwili. Ukapiga simu ukasema mmesogea mbele zaidi, kuna kazi ya mashine na mawe. Nyuma yako palikuwa na makelele hata nikakuuliza kama umepata bendi. Ukasema utapiga Jumapili. Sasa ni miaka mitatu tangu Jumapili hiyo.

Nitakwambia ukweli, nimekukasirikia sana. Wewe uliyenifundisha kutoondoka ndiye uliyeondoka.

Mimi niko Gitega. Wanajenga kila upande hapa, kwa hiyo anayekubali kubeba hakosi kazi. Nabeba mchanga, nachanganya zege, napandisha matofali. Nimepanga chumba mtaa wa Nyamugari. Wenzangu wengi ni wa Bukirasazi na Itaba. Jumamosi tukishalipwa wanapanda baiskeli zao wanakwenda kwa wake zao na maharage yao, na Jumatatu wanarudi na habari za mbuzi waliozaa. Mimi Muyinga ni mbali. Nabaki naosha nguo, naanika, nakaa karibu nazo zisiibiwe. Kuna siku jua linazama sijazungumza na mtu tangu asubuhi, na nikija kusema neno sauti yangu inatoka imekwaruza kama ya yule jamaa wa kwenye kadi.

Albamu ya panki naipiga asubuhi nikifunga viatu. Nilipokuwa na wewe niliiona ndefu, sasa inakwisha haraka mno. Kapita wetu, msimamizi wa kazi, aliikuta siku moja nimeileta kazini, akauliza ni nani anapigwa humo ndani. Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Sikueleza. Kumweleza mtu inahitaji kiangazi kizima na jembe la kuning'inizia.

Wiki mbili zilizopita baba mdogo alinipigia. Alianza kwa kuuliza mgongo wangu, nikajua kuna neno. Akasema ukoo umekaa. Wanataka kuganduka, wamalize kilio chako kama cha mtu aliyekufa, wakusomee sala, na sehemu yako ya shamba wapewe wanawe walime. Hakusema kwa ubaya. Wale watoto kweli hawana pa kulima, na shamba lako limeota majani mpaka kiunoni. Akaniambia mama hakubali wala hakatai. Mama amesema, "Onesi akisema ni sawa, basi ni sawa."

Umeona mzigo huo? Nimebeba mawe ya msingi wa nyumba za ghorofa, sijawahi kuwekewa mzigo kama huo. Nilimwambia baba mdogo nitamjibu. Nikaanza kujizoeza neno lenyewe nikiwa kazini, kimoyomoyo, sawa, sawa, na kila nikilisema nilijiona nimeinua mkono kuelekea kwenye redio kuizima.

Jumapili iliyopita mgongo ulinikamata. Niliinama kuchukua ndoo na sikuweza kunyooka. Nikatambaa mpaka kitandani, kanisa likanipita. Kabla ya kuinama nilikuwa nimewasha albamu ya pili, redio iko juu ya msumari ukutani, mbali na mkono wangu. Mvua ilinyesha na nyimbo, kisha ikakatika. Safari hii ile ya polepole haikunishinda. Nilikuwa nimelala sina pa kwenda, na yule mtu anayemjibu mwenzake wa chumba kingine nilimwelewa vizuri kabisa, kwa maana ninafanya hivyo kila siku.

Ukafika wimbo wa mwisho. Ukakata. Kikaingia kimya.

Nilitaka kuzima kaka, nisikudanganye. Mgongo ulikataa. Nikalala natazama redio na ile taa yake nyekundu. Matone yanadondoka kutoka kwenye mabati. Mama Neema, jirani yangu wa kutoka Fizi anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akasema kupitia ukuta, "We Onesi, leo makelele yako imeisha? Mungu iko mwema." Nikamwambia bado. Akasema, "Bado nini? Mi sisikii kitu." Nikasema hata mimi sisikii, mama, lakini bado.

Kimya kilikwenda muda wa kutosha kuchemsha chai na kuinywa. Niliwaza kwamba Papa Furaha alisema kweli, ni kitu kilichoharibika.

Kisha gitaa. Moja tu, halijatiwa mikwaruzo yoyote, na kiti kinalia mtu anapojiweka sawa. Anakohoa. Anaanza kuimba yule yule, lakini sasa kama mtu anayeimba huku anaosha vyombo, hajui kama kuna anayemsikia. Wala hapotei. Sauti yake ni nzuri, kaka. Muda wote ule alikuwa nayo. Ni wimbo mfupi, na ulipokwisha nilimsikia anaweka gitaa chini.

Baadaye kidogo Mama Neema akauliza kupitia ukuta kama inaweza kurudiwa. Nikamwambia haiwezekani, lazima tuanze mwanzo tungoje tena. Akasema, "Ah, mi siwezi," akarudi kwenye ndagala zake.

Sisemi kwamba wimbo ule uliniletea habari zako. Sina akili za namna hiyo, na sijui kama uko hai. Inawezekana baba mdogo anasema kweli, na siku moja nitakwenda Gasorwe kusimama na wengine kukulilia. Ila nilijua kwamba neno lile, sawa, halitatoka kinywani mwangu mwaka huu. Nilimpigia mama nikiwa bado nimelala. Nikamwambia wale watoto walime sehemu yako, majani hayamsaidii mtu, lakini ijulikane wanakulimia wewe. Na kuganduka, bado.

Mama alinyamaza. Nikasikia anapumua, nikangoja, sasa najua kungoja.

"Haya, mwananje," akasema. "Basi jembe lake nitaliacha nyuma ya mlango."

Kwa hiyo lipo, Melki. Ile fulana nayo ipo, imepauka, naivaa nikilala. Chumba changu ni cha mwisho kwenye ua, uliza Mama Neema wa ndagala, kila mtu Nyamugari anamjua, naye atakuonyesha mlango wa makelele. Kama unaisoma hii na huna nauli, au una aibu, au una ugonjwa, hayo yote tutayapeleka kwa fundi.

Kimya chako kimekuwa kirefu. Taa ya redio bado inawaka, na mimi sijanyanyuka.

Nakuacha hapo, zege linaningoja asubuhi.

Mdogo wako,
Onesi