Leseni ya Erwin na Bahasha za Verna

Jumanne, 5 Februari 2013

Barua imekuja! Lakini si ile tuliyoingoja.

Mume wangu Erwin alikuwa ameshatenga nafasi kwenye pochi kwa ajili ya leseni yake ya kubeba bastola ndani ya koti. Alitoa kadi ya uvuvi, akatoa kadi ya duka la matairi, nafasi ikapatikana. Leo akaikuta bahasha kwenye sanduku la posta kule barabarani, akaifungua papo hapo kwenye upepo. Akaja jikoni. "Mama, hebu nisomee. Miwani yangu siioni." Miwani ilikuwa puani kwake.

Nikasoma. Ombi limekwama. Sababu — anadaiwa matunzo ya mtoto. Dola elfu ishirini na tano na mia mbili, riba bado. Mtu mwenye deni la namna hiyo hapewi leseni hapa Texas mpaka alisafishe.

Mtoto gani? Rochelle, binti yake na Verna, mke wake wa zamani! Ana miaka thelathini na sita, ana watoto wake wawili, na mwaka jana alituletea bata mzinga aliyemwoka mwenyewe!

Erwin alivaa kofia. Alikwenda kuwalisha ng'ombe. Walikuwa wameshakula.

Jumatano, 6 Februari

Sikuandika vizuri jana, hasira.

Ni hivi. Kila Jumanne ni mnada wa ng'ombe kwa Orsak, bosi wa Erwin, na kila Jumanne jioni Erwin huchukua sanduku la hela za mnada, maili thelathini na moja hadi benki. Miaka ishirini na sita sasa. Novemba majambazi wakamsimamisha mtu barabara hiyohiyo kwa bunduki. Kampuni ya bima ikaja juu: anayebeba hela awe na leseni, la sivyo hawalipi. Orsak akasema mwisho ni tarehe ishirini na tano, Jumatatu. Baada ya hapo njia anapewa mpwa wake, Darryl.

Erwin akaenda darasani Jumamosi nzima na vijana wa miaka ishirini na mbili. Akalenga shabaha, akapata mia mbili na kumi na nne kati ya mia mbili na hamsini. Karatasi ile ya shabaha yenye matundu ameibandika kwenye friji kama mtoto wa shule. Nilimcheka. Nilimpenda pia, siwezi kukana.

Na deni? Hana deni! Alipoachana na Verna, hakimu alisema hela za Rochelle zipitie dirisha la ofisi ya kaunti. Erwin akaona aibu. Hela za mtoto wake azipitishe dirishani kama faini ya mlevi? Akawa anampa Verna mkononi, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, bahasha, nyuma ya ukumbi wa kanisa. Dola mia na hamsini, miaka kumi na minne. Risiti hakuna. Kwetu mtu ananunua ng'ombe arobaini kwa kutikisa kichwa tu, nani ataomba risiti kwa mama wa mtoto wake?

Alhamisi, 7 Februari

Nimepiga simu ofisi ya matunzo kule Austin. Dakika arobaini za muziki wa filimbi. Nimemenya viazi vyote vya chakula cha mchana na vya jioni.

Msichana mwenye adabu sana. Akasema hela za mkononi hazihesabiki kuwa malipo. Zinahesabika zawadi.

Zawadi! Erwin alikuwa anasikiliza kwenye simu ya chumbani, nilimsikia anavuta pumzi. Akaropoka: "Binti, viatu vya shule ni zawadi? Meno ya mtoto ni zawadi?" Yule binti akasema pole, baba. Akasema njia ipo moja. Mama wa mtoto ajaze fomu na kuapa mbele ya mtu mwenye muhuri wa viapo — kwetu ni Bi. Peggy wa benki — kwamba alipokea. Akiapa, wanafuta.

Kwa hiyo ni Verna. Hawajazungumza tangu harusi ya Rochelle, na siku hiyo waligombania nani akae kiti cha mbele.

Jumamosi, 9 Februari

Erwin hataki kwenda kwa Verna. Mtu anayetaka kupambana na majambazi barabarani anamwogopa mwanamke wa kilo hamsini!

"Sitaenda kumwomba anitetee," anasema. "Nililea mwanangu. Mungu anajua."

Nikamwambia Mungu hana muhuri wa benki.

Akacheka kidogo, kisha akakaa. Akasema leseni si kitu, hata njia ya benki si kitu. Kinachomuuma ni kwamba iko karatasi mahali fulani Austin inayosema Erwin Mikulenka hakulea mtoto wake. Alisema hivyo huku anafuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta. Nilitaka kumkumbatia lakini angekimbia.

Nitaenda mimi. Nimempigia Rochelle. Anasema mama yake hana neno, ila nisithubutu kwenda na mkate wa dukani.

Jumatano, 13 Februari

Naandika kabla ya kuvua koti.

Nilioka kolachi, ile mikate yetu midogo mitamu, dazeni mbili, za plamu na za jibini. Nikatoka kanisani moja kwa moja hadi kwa Verna. Nikagonga. Akafungua — ana majivu kwenye paji la uso, na mimi nina majivu. Jumatano ya Majivu! Siku ya kufunga, na mimi nimekuja na dazeni mbili za kolachi!

"Umekuja kunijaribu?" akasema. Tukacheka hadi akashika mlango. Tukazifunika na taulo, tukanywa kahawa kavu.

Akaisoma fomu pole pole, kidole kwenye mstari. Akafika pale paliposema amepokea hela *zote*. Kidole kikasimama.

"Lorine, hapa siwezi. Sikupokea zote."

Nilikuwa tayari kumtetea Erwin, tayari kwa ugomvi, nilishashika mkoba. Akaniambia kaa.

Miezi saba, akasema. Aprili hadi Oktoba, themanini na tisa.

Alipotaja mwaka nilijua. Mwisho wa Machi mwaka huo ndipo nilipopelekwa Houston nikivuja damu, nikalazwa, na mwanetu Curtis akazaliwa mwezi wa saba wa mimba, mdogo kama mkate. Wiki kumi na moja kwenye kisanduku cha kioo.

Verna anasema Jumamosi ya kwanza ya Aprili Erwin alikuja nyuma ya ukumbi na bahasha yake. Akasimama tu. Akamwambia, mwezi huu nina hela za mtoto mmoja, na watoto ni wawili. Verna akamrudishia bahasha. "Nilimwambia mpelekee yule wa kwenye kioo. Wa kwangu anakula." Ikawa hivyo mpaka Oktoba. Hata hivyo Erwin alimletea ndama amchinje, na akamwezekea paa jipya, peke yake, siku tatu za Agosti.

"Sasa ndama namwandika wapi?" ananiuliza Verna. "Hapa wameweka mstari wa dola tu."

Nilidhani bima ya kazini kwa Orsak ndiyo iliyolipa hospitali. Miaka ishirini na tatu nimedhani hivyo! Nilimkuta Verna kwenye mazishi, kwenye bazaa ya kanisa, nikamsalimia kwa ncha ya midomo. Na mwanangu alikuwa anapumua kwa hela zake.

Nililia pale pale. Majivu yakachuruzika. Akanifuta kwa ile taulo ya kolachi.

Alhamisi, 14 Februari

Sikukuu ya wapendanao. Erwin kaniletea boksi la chokoleti kutoka kituo cha petroli, kama kila mwaka, na kibandiko cha bei bado kiko juu yake. Nimeacha chokoleti kwa Kwaresima. Amezila yeye.

Nikamuuliza. Mbona hukuniambia?

Akazungusha boksi mezani. "Ningekwambia nini, mama? Umelala pale na mipira ya dripu kila mahali. Niseme nakutibu kwa hela za Rochelle?"

Basi. Hapo ndipo nilipomkumbatia, na hakukimbia.

Curtis akaingia katikati, futi sita na inchi tatu, akauliza nani amekufa. Akafungua friji, akala nusu ya paja la nguruwe.

Lakini Erwin sasa kashikilia kitu kipya. Verna asiape uongo kwa ajili yake. Atalipa ile miezi saba, dola elfu moja na hamsini, ndipo aape. Nikampigia Verna. Akasema mwambie mzee wako ndama aliliwa na paa halivuji, hela yake siitaki. Halafu akaniuliza kolachi zile niliweka siagi kiasi gani.

Jumanne, 19 Februari

Mnada. Orsak amempandisha Darryl kwenye gari la Erwin "ajifunze njia". Njia yenyewe imenyooka, haina hata kona moja! Erwin karudi, kavua buti, kakaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka supu ikapoa.

Ijumaa, 22 Februari

Naandika ndani ya gari, nje ya benki. Saa sita kasoro dakika kumi. Bi. Peggy mwenye muhuri anafunga kwenda kula saa sita, na leo harudi. Orsak kakubali kuingoja leseni akiona fomu yenye muhuri; isipogongwa leo, Jumatatu Darryl anachukua njia.

Wameingia wote wawili. Nilibaki nje, niliona ni jambo lao. Nawaona kupitia kioo. Erwin anasukuma hundi ya ile miezi saba mezani. Verna anairudisha. Anasukuma tena. Zaidi ya nusu saa! Wamezeeka wote wawili, na nimewapenda wote wawili asubuhi hii, sijui niliweke wapi jambo hilo.

Bi. Peggy ametoka, anakuja huku bila koti. Amegonga dirisha.

Anasema hawaelewani. Verna anasema miezi ile ililipwa, yuko tayari kunyoosha mkono na kuapa. Erwin anasema haikulipwa, na hatamruhusu. Wamekubaliana kitu kimoja tu — waniulize mimi kama ililipwa au la. Nitakachosema ndicho kitakachoandikwa.

Mimi! Mimi ndiye niliyeila ile miezi saba. Mimi na Curtis.

Bi. Peggy amenishikia mlango wa gari, anaangalia saa.