Glasi Niliyokunywa Rumonge

Rumonge, Alhamisi

Kaka yangu mpendwa Dismasi,

Amahoro. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Nyanza-Lac, na kwamba mama amepata nguvu za kurudi kwenye michikichi yake. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii. Karatasi hii ni ya tatu, mbili nimezichana.

Nilikuambia kwamba zile siku kumi nilikuwa kwenye semina. Hapakuwa na semina, kaka. Watafiti wa chanjo walitafuta watu wa kujitolea, wakatunywesha maji yenye virusi vya kutapika na kuharisha, waone mwili unajibu vipi. Mwenzetu mmoja, Bahizire, seremala mwenye nguvu, alitapika siku mbili akimwita mama yake. Wengine walishikwa na homa. Mimi sikupiga hata mbweu. Nikajiona chuma, nikawacheka.

Siku ya kutoka, muuguzi Ange alitusihi tusishike chakula cha watu kwa mwezi mzima, hata ambaye hakuumwa. Nikaitikia kwa mdomo tu. Siku tatu baadaye tukaondoa matanga ya baba, na wajua ndizi mbivu za mutobe, ile juisi yetu ya kunywesha wageni, nyumbani hukamuliwa na mimi. Nilikamua beseni zima kwa mikono hii.

Kesho yake nusu ya ukoo ilikuwa chooni, na mama akatundikiwa serumu ya mshipani. Lawama ikamwangukia mchumba wako Clotilda, kwa ndagala, wale samaki wadogo aliowakaanga. Shangazi Eliana alisema mbele ya watu kwamba huyo mutoto hana usafi, hawezi kuingia mu nyumba yetu. Nilikuwa nimesimama pale. Nikanyamaza.

Jumatatu Ange alinionyesha majibu ya vipimo vyangu: virusi vilijaa kwenye choo changu tangu siku ya pili baada ya kunywa yale maji, ingawa sikuumwa. Aliponiuliza kama nimeshika chakula cha watu, nilikana. Tangu hapo nanawa mikono mpaka inachubuka. Na leo nasikia Jumapili wazee wanakwenda kuvunja uchumba wenu.

Kaka, ndagala walipita kwenye mafuta ya moto. Mutobe wangu haukupita popote ila mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyemlaza mama. Naona aibu, na nakuogopa.

Usinijibu kwanza. Mpe Clotilda barua hii aisome mwenyewe. Msalimie mama, Jumamosi nitafika nimwambie kwa kinywa changu. Jumapili isomwe mbele ya wazee na shangazi, nami nitasimama pale pale niliponyamaza.

Mdogo wako,
Anita