Barafu ya Baba Yake Madam Inga

Jumatano, Jeddah. Joto limekaba tangu alfajiri, shati lilininata mgongoni hata kabla sijamaliza kuosha gari. Lakini kinachonikaba mimi si joto. Sijui kama kuna anayesoma hapa. Naandika tu.

Mimi ni dereva. Bosi wangu yumo kwenye kamati ya mkutano wa nchi nyingi kuhusu barafu ya kaskazini kabisa mwa dunia, kwamba inaisha, na nchi zishirikiane vipi kuiokoa. Nimepewa kumwendesha mgeni mmoja, Madam Inga, mama wa makamo anayetoka hukohuko kwenye barafu. Juzi aliniomba nisiache injini ikinguruma nikimngoja. Haki nilishangaa. Huku gari la bosi halizimwi, ukizima atakuta tanuri. Nikasema sawa, madam.

Leo asubuhi alinikabidhi sanduku la baridi, nilipeleke moja kwa moja ukumbini. Ndani mlikuwa na barafu aliyoikata marehemu baba yake kwenye ghuba yao, ambako siku hizi maji hayagandi tena. Alitaka maafisa waishike kwa mikono yao.

Moja kwa moja. Nilisikia vizuri kabisa.

Nikapitia mtaa wa Kandara, hapahapa Jeddah, kula chapati na watu wa kwetu. Nikaegesha juani, nikazima injini, nikajiona mtu mwema. Halafu maringo yakanipanda. "Kujeni muone barafu ya mwisho wa dunia!" Mutua, ninayekaa naye chumba kimoja, akamega kipande akatia kwenye soda. "Ni maji tu, Kioko, hata haina ladha." Tukacheka hadi machozi. Mfuniko sikuubana sawasawa, na chai ikanoga, tukakaa.

Ukumbini Madam alifungua sanduku mbele ya watu wote. Maji, na kijipande kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Kisha akawaomba radhi, akasema pengine hakulifunga vizuri. Maafisa wengine wakarudia simu zao. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na funguo mkononi.

Nikamwacha abebe lawama.

Tena moyoni nikajitetea, eti si ni yeye aliyeniambia niwe nazima gari? Aibu gani hii! Mvua ikikosa kwetu Kitui, mama akichimba mchanga wa mto kutafutia mbuzi maji, mimi ndiye wa kwanza kulaumu wakubwa wa dunia kwamba hawataki kuona. Leo walikuwa wameketi, tayari kuona.

Nikimrudisha hotelini alikuwa ameyamimina yale maji kwenye chupa, ameipakata. Akanishukuru kwa kulibeba sanduku salama.

Kesho nampeleka uwanja wa ndege. Nikimwambia ukweli, naye akamwambia bosi, halas, ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inafutwa na narudishwa nyumbani. Naogopa sana. Lakini nitamwambia, na nitamwambia kabla sijawasha gari. Nikishawasha tu, najijua.