Chini ya Sinki la Mama Zena

Kawangware,
Jumapili jioni

Kwako Mama mpendwa,

Nakusalimu sana nikitumaini goti limepoa na umeanza tena kutembea mpaka mtoni. Sisi tuko hai. Hilo nalisema mapema kwa sababu najua redio imekutia hofu. Akinyi mke wangu ni mzima, mtoto ni mzima. Tumehama Kibera, sasa tunakaa hapa Kawangware kwa binamu, chumba kimoja, pazia katikati. Shemeji anayekusomea barua hii asome polepole, asiruke kitu.

Vurugu zilipoanza sokoni Kibera kati ya vijana wetu Wajaluo, wapangaji, na vijana wa Wanubi wenye nyumba, mimi sikuwa na habari. Nilikuwa kwa Mama Zena, yule mjane Mnubi aliyenipa kazi ya kwanza ya mabomba nilipofika Nairobi. Sinki lake la jikoni lilikuwa likivuja mpaka mbao za kabati zimeoza. Nilikuwa nimelala chali, kichwa na mabega ndani ya kabati. Kile kipande cha bomba kilichopinda kama shingo ya bata kilikuwa kimepasuka. Ndiyo kwanza nilikuwa nimekitoa niweke kipya, nikasikia mayowe, halafu mawe juu ya mabati.

Mama Zena akafunga dirisha. "Fundi, usitoke. Ingia ndani kabisa."

Nikakunja magoti, nikajibana humo. Mlango ukapigwa teke. Kutoka pale chini niliona miguu tu, viatu vimejaa matope, na katikati miguu miwili inayoburuzwa.

"Yusufu! Mwanangu!"

Kijana wake alikuwa amepigwa jiwe kichwani. Wenzake wakamwinamisha juu ya sinki, juu yangu kabisa, wakafungua mfereji.

Mama, bomba lilikuwa wazi. Nilikisukuma kile kipande kipya mahali pake, nikakibana kwa mikono miwili, kwa sababu sikuthubutu kushika spana isije ikalia. Maji yakashuka mekundu. Yakapenya vidoleni, yakanitiririkia shingoni. Nikafumba mdomo na macho, nikaomba. Lakini maji yakafika sakafuni, na mmoja wao akainama kutazama yanakotoka.

"Kuna mtu huku! Mjaluo!"

Akanikamata mguu. Nikang'ang'ania bomba, nisijue kwa nini.

"Mwachilie," Mama Zena akasema. "Huyo ni fundi wangu."

"Mama, si ni hawa wamempasua Yusu?"

"Huyu yuko chini ya sinki yangu tangu asubuhi! Hilo jiwe alirusha akiwa kwa kabati?"

Mkono haukuniachilia. Kisha nikasikia sauti ya Yusufu, nyembamba kama ya mtoto: "Wachana na yeye. Niletee maji."

Mguu wangu ukaachiliwa. Mama Zena akainama, machozi yanamtoka, akaniambia, "Kaza, fundi."

Nati ikaingia upande. Nikaifungua, nikaanza upya, nao wananitazama, mmoja ameshika rungu. Ilipokaa sawa, maji yakashuka yote kwenye bomba, Mama Zena akamwosha mwanawe mpaka jeraha likaonekana.

Alimfunga kichwa kwa leso, akamlaza, akajitupia mtandio. "Twende," akaniambia. Alinishika mkono kama mgonjwa mpaka barabara ya Olympic. Kila tulipokuta vijana kwenye kona alinigombeza kwa sauti kubwa, eti nimemharibia kabati na sitalipwa hata ndururu. Hakuna aliyetugusa. Barabarani akaniachilia, akarudi mbio kwa mwanawe bila kwaheri.

Akinyi nilimpata kanisani, mtoto mgongoni. Chumba chetu kule Sarang'ombe, upande wetu wa Kibera, kilikuwa kimevunjwa, hata mlango wamebeba.

Wiki jana nilimwona Yusufu hapa Kawangware, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kitambaa kichwani. Nikarudi nyuma hatua moja. Akaja mpaka niliposimama.

"Mama anauliza kama ulifika."

"Nilifika."

"Na mtoto?"

"Mzima."

Akatazama barabara. "Sinki haivuji," akasema. Hatukupeana mikono, ila alingoja nimalize kununua, tukatoka pamoja.

Nisalimie shemeji na sauti yake nzuri ya kusoma, shangazi muuza omena, na nyanya, umwambie kitukuu ameota jino. Kaka mkubwa msalimie mwisho, akiwa ametulia. Nimesikia anakusanya vijana waje kutulipizia. Mzuie, Mama. Aliyemrushia Yusufu jiwe simjui. Aliyebeba mlango wangu simjui. Kaka akija, atampiga nani?

Ni mimi mwanao anayekuwaza,
Ochieng'